Je, Saluni ya Injini Ndogo Ina Kasi ya Kutosha? Namna ya Kulipima Gari kwa Barabara za Uganda

Watu wengi wanaotafuta gari la kwanza katika bondi za Nakawa jijini Kampala, yaani yadi za magari yaliyotumika kutoka nje, huuliza swali moja kabla hata ya kuuliza bei: hii injini ya 1500 (yaani ya ukubwa wa cc 1500) itatosha kweli? Swali ni la maana, lakini mara nyingi hujibiwa kwa hisia tu. Muuzaji husema gari ni jepesi na halina shida. Shemeji mwenye Mark X, saluni ya injini kubwa, husema injini iliyo chini ya 2000 ni ya kuendea sokoni. Na mnunuzi hurudi nyumbani akiwa hajui zaidi ya alivyojua asubuhi. Katika mwongozo huu ninataka kuonyesha namna mtu anavyoweza kujijibia mwenyewe kwa hesabu chache na majaribio ya nusu saa, akizingatia barabara tulizo nazo, mzigo anaoubeba kwa kawaida, na mwinuko wa nchi yetu kutoka usawa wa bahari.

Ninaposema injini ndogo, nina maana ya magari kama Toyota Belta ya 1000 yenye nguvu za farasi 71, na Axio, Allion au Premio za 1500 zenye nguvu za farasi 110 hivi. Wala sizungumzii mashindano. Gari linaloweza kufika kilomita 180 kwa saa halikupi faida yoyote hapa, ambapo gari dogo linaruhusiwa kilomita 100 kwa saa katika barabara kuu ya lami, na mijini chini zaidi ya hapo. Kasi ya kutosha, kwa maana ninayoitumia, ni uwezo wa kuongeza mwendo pale unapouhitaji: kuingia barabara kuu bila kumlazimisha aliye nyuma yako kufunga breki, kupanda mlima bila kuwa kizuizi, na zaidi ya yote kulipita lori na kurudi upande wako salama.

Nguvu inayohitajika na nguvu uliyo nayo

Saluni ya aina hii, ikiwa na watu na mizigo kiasi cha kufikia kilo 1,500, huhitaji takribani nguvu 10 tu za farasi kwenye magurudumu ili kwenda kilomita 80 kwa saa mahali tambarare bila upepo. Kwa kilomita 100 kwa saa inahitaji kama 17, kwa sababu ukinzani wa hewa hukua haraka kuliko mwendo wenyewe. Mlimani hesabu hubadilika: kwenye mwinuko unaopanda mita 8 kwa kila mita 100 za barabara, gari hilohilo linahitaji nguvu 33 hivi kwa mwendo wa kilomita 60, na kama 46 kwa mwendo wa kilomita 80. Ukizitazama namba hizi peke yake, hata Belta ya 1000 inaonekana kuwa na akiba.

Akiba hiyo ipo, lakini haipatikani wakati wote, na hapa ndipo madereva wengi wanapodanganyika. Nguvu 110 za injini ya 1500 hupatikana injini inapozunguka kama mara 6,000 kwa dakika. Kwenye mizunguko 2,500, ambapo gari la otomatiki hupenda kukaa unapoendesha kwa upole, injini hiyo hutoa takribani nguvu 45 tu. Dereva anayeogopa sauti ya injini, ambaye hukanyaga mafuta nusu na kuinua mguu mara injini inapoanza kulia, amenunua nguvu 110 na kutumia chini ya nusu yake, kisha analaumu gari.

Jambo la pili ni hewa. Kampala iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 11 kuliko pwani. Injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho, kwa kuwa kila inapovuta pumzi hupata oksijeni pungufu. Kabale, karibu mita 2,000 juu, upungufu hufika asilimia 18 hivi. Kwa hiyo zile nguvu 110 zilizoandikwa Japani huwa kama 97 Kampala na kama 90 Kabale, nazo 71 za Belta huwa kama 63 na 58. Gari halijaharibika. Ndivyo milima ilivyo, na mtu aliyezoea gari hilohilo Mombasa atauhisi upungufu huo siku ya kwanza anapolileta huku.

Jambo la tatu ni uzito, na hili tunalipuuza sana. Axio ina uzito wa kilo 1,130 hivi ikiwa tupu. Watu wazima wanne ni kilo 300. Ongeza ndizi za matoke, begi za watoto na mtungi wa gesi, na umefika kilo 1,500 bila kujua.

Chukua basi karatasi ufanye hesabu moja. Nguvu za farasi zilizoandikwa, zizidishe kwa 0.88 ili kuondoa kile kinachopotea kwa sababu ya mwinuko, kisha gawanya kwa uzito wa gari likiwa limebeba, kwa tani. Axio yenye watu wanne na mizigo: 97 gawanya kwa 1.5, unapata kama 65 kwa kila tani. Belta ya 1000, yenye uzito wa takribani tani moja ikiwa tupu, ikibeba mzigo uleule unapata 46. Ikiwa na dereva peke yake, 58. Kwa kipimo changu mwenyewe, nilichokijenga kwa kuendesha magari ya namna hii katika barabara zetu, kuanzia 60 kwenda juu utasafiri popote nchini bila wasiwasi. Kati ya 45 na 60 utasafiri vizuri ukiwa na subira. Chini ya 45 gari libaki la mjini, au lipunguziwe mzigo. Fanya hesabu kwa mzigo wako wa kweli, wala si kwa siku ulipokuwa peke yako ndani ya gari.

Mjini sina mengi ya kusema. Kati ya boda boda, matatu na foleni ya Wandegeya, hakuna anayetumia hata nguvu 40 za farasi kwa zaidi ya sekunde chache. Pahali pekee panapodai kitu ni milima yenyewe, kama ile ya Muyenga, Naguru au Mutundwe, hasa unapoanza kuondoka ukiwa umesimama mteremkoni na watu wanne ndani. Na hapo gari jepesi lenye gia fupi hujitetea vizuri. Kama maisha yako yote ni Ntinda hadi katikati ya jiji, nunua hiyo ya 1000, na pesa utakazookoa zipeleke kwenye matairi mazuri.

Kulipita lori: mtihani wenyewe

Barabara ninayoifahamu zaidi ni ya kutoka Kampala kwenda Arua, karibu kilomita 500, kupitia Luwero, Nakasongola, Kafu, Kigumba na Karuma hadi Pakwach. Ni lami ya njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na imejaa malori yanayoelekea Sudan Kusini na Kongo. Katika barabara kama hii mwendo wako hauamuliwi na injini yako peke yake. Unaamuliwa na trela iliyo mbele yako, inayokwenda kilomita 60 kwa saa.

Fuatana nami katika hesabu ya kuipita. Trela ina urefu wa mita 17 hivi. Uko nyuma yake kwa mita 20, gari lako ni mita nne na nusu, na unataka kurudi upande wako ukiwa umeiacha kwa mita 20. Jumla unapaswa kupata mita 61 au 62 zaidi ya trela. Ikiwa kwa wastani unaizidi kwa kilomita 20 kwa saa, jambo ambalo saluni ya 1500 iliyobeba inaliweza, utatumia sekunde 11, na katika sekunde hizo utakuwa umesafiri karibu mita 245. Gari linalokuja mbele yako kwa kilomita 100 kwa saa litakuwa limesafiri zaidi ya mita 300. Kwa hiyo kabla hujatoka unahitaji kuona mita 550 za barabara tupu, na mimi huongeza nyingine 150 za kufidia makosa yangu na ya yule mwingine.

Linganisha sasa na gari lenye nguvu maradufu, linaloizidi trela ileile kwa wastani wa kilomita 30 kwa saa. Litatumia sekunde 7 na kidogo, nalo linahitaji takribani mita 390. Tofauti ni sekunde nne na mita 160. Tofauti hiyo si ndogo, na sipendi kusikia watu wakisema injini haina maana. Nafasi ambayo mwenye gari kubwa anaiona kuwa ni nafasi, wewe hupaswi kuiona hivyo. Lakini angalia pia tofauti hiyo inakuweka wapi. Kati ya Kafu na Karuma barabara ina sehemu ndefu zilizonyooka ambapo mita 700 zinaonekana waziwazi. Mwenye injini ndogo anasubiri dakika tatu nyuma ya trela, anapita, na kwenye matuta ya Kigumba anamkuta mwenye injini kubwa akiwa nyuma ya trela nyingine. Nimeliona hilo mara nyingi mno kulidharau.

Pale penye kona na vilima vilivyofuatana, kama milima ya Rwahi ukielekea Kabale, au barabara inayopanda kutoka Sironko kwenda Kapchorwa, mita 700 hazionekani kabisa. Hapo hata gari lenye nguvu halina haki ya kupita, isipokuwa penye njia ya ziada ya kupandia. Kinachohitajika ni kukaa nyuma kwa nafasi ya kutosha, gia ya chini, na moyo mtulivu.

Namna ya kupita kwa gari la nguvu ndogo ina utaratibu wake. Usijibane nyuma ya lori. Ukiwa mita tano nyuma yake huoni chochote, unavuta moshi wake, na unaanza kuongeza mwendo ukiwa tayari umo katika njia ya wanaokuja. Kaa nyuma kwa sekunde tatu za mwendo. Unapoona gari la mwisho linalokuja linakaribia kukupita na nyuma yake barabara ni tupu, anza kukanyaga mafuta ukiwa bado upande wako, ili wakati unapotoka uwe tayari unalizidi lori kwa kilomita 10 au 15 kwa saa. Nafasi ile uliyoiacha ndiyo uwanja wako wa kuchukulia kasi, na kwa injini ya 1000 au 1500 ina thamani kuliko nguvu 20 za farasi.

Ukianza kukanyaga, kanyaga hadi chini kabisa. Otomatiki yenye gia nne, kama ile ya Premio za kuanzia mwaka 2001, itashuka gia moja au mbili, nayo huchukua karibu sekunde moja kufanya hivyo; ndiyo maana hutakiwi kuisubiri ukiwa tayari umo katika njia ya watu. Kama ina kitufe cha O/D kwenye mkono wa gia, kibonyeze mapema ili taa ya O/D OFF iwake. Hapo gia ya nne imezuiwa na injini iko tayari. Premio na Allion zilizotoka kuanzia mwaka 2007 zenye injini ya 1500 zina gia za CVT, ambazo hazina hatua. Hizo hupandisha sauti kwanza na mwendo hufuata, na dereva asiyezizoea huinua mguu akidhani zinateleza. Usiinue. Injini iliyotunzwa, yenye oili safi na joto la kawaida, haidhuriki kwa kuzunguka mara 5,500 kwa sekunde kumi. Mwenye gia za mkono atoke ya tano aende ya tatu moja kwa moja. Kiyoyozi nacho kizime kabla ya mlima mrefu au kabla ya kupita. Hula nguvu chache tu za farasi, lakini kwenye injini ya 1000 zinahisiwa.

Amua mapema mahali pa kughairi. Mpaka pua ya gari lako ifike usawa wa magurudumu ya nyuma ya trela, kurudi ni rahisi: breki kidogo, na nafasi uliyoiacha bado ipo. Ukishafika usawa wa kichwa cha lori, kumaliza ndiyo njia fupi. Na dereva wa lori anapokuwashia taa ya kushoto kukuambia pita, mshukuru moyoni, lakini barabara itazame kwa macho yako. Taa hiyohiyo huenda ni ya kuingia kituo cha mafuta.

Kulipima gari kabla ya kulipa

Hesabu zote hizo zinachukulia kwamba injini bado ina nguvu iliyozaliwa nayo. Tangu mwaka 2018 sheria imezuia kuingiza nchini magari yaliyozidi miaka 15, lakini mengi yanayouzwa kati ya mtu na mtu yaliingia kabla ya hapo, na yamekula vumbi la marramu kwa miaka mingi.

Nenda na watu watatu wazima ukalijaribu gari pamoja nao. Muuzaji atapenda ulijaribu peke yako kwenye tambarare. Mwambie kwa heshima kwamba hao ndio abiria wako. Kutoka bondi za Nakawa, mlima wa Naguru uko karibu. Panda ukianzia umesimama, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, na usikilize kama gia inashuka yenyewe au gari linajikokota huku injini ikinung'unika chini. Kisha tafuta barabara tupu, asubuhi ya Jumapili kwa mfano, na umwombe mmoja wa abiria ahesabu kwa simu muda wa kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, kanyagio likiwa chini kabisa. Kwa hesabu ya nguvu na uzito, injini ya 1500 yenye afya na watu wanne ndani inapaswa kutumia sekunde 7 hadi 9, na ya 1000 sekunde 10 hadi 12. Ya 1500 ikitumia 14, usikubali kuambiwa kwamba ndivyo injini ndogo zilivyo.

Mara nyingi chanzo ni kitu kidogo. Chujio la hewa lililoziba, plagi zilizochakaa, matairi yenye upepo pungufu, au breki inayoshika: baada ya safari fupi sogeza kiganja karibu na kila rimu, bila kuigusa, na moja ikiwa na joto kuliko wenzake umeshapata mwizi wa nguvu zako. Fundi mmoja wa Kisekka, soko la vipuri jijini Kampala, aliwahi kuniambia, "Mzee, gari lako si dhaifu, limeshikwa koo," akanionyesha chujio lililokuwa na rangi ya tofali. Nilikuwa nimeendesha hivyo mwaka mzima nikifikiria kuuza. Mengine, kama kichujio cha moshi kilichoziba au gia inayoteleza, ni ya gharama kubwa, na ni afadhali kuyajua kabla fedha hazijahama mikono.

Nani aongeze injini

Kuna watu ambao ningewashauri wachukue ya 1800. Mtu anayebeba watu watano kila wiki kwenda Kabale au Kisoro, au anayefanya kazi Kapchorwa, atafurahia Premio ya nguvu 132, ambayo kwa kipimo chetu hufika kama 74 kwa tani ikiwa imebeba watu wanne na mizigo. Na atayarudisha malipo ya ziada kwa utulivu wa kila safari. Injini ndogo yenye turbo nayo hupoteza kidogo tu milimani, kwa sababu turbo huisukumia hewa ndani, ila iangaliwe na fundi anayeijua. Gari la mseto husaidiwa na mota ya umeme linapoanza kuondoka, lakini kwenye mlima mrefu betri yake ikipungua hubaki na injini ndogo peke yake.

Dada yangu alinipigia simu mwaka jana kutoka bondi. "Kaka, kuna Axio ya 1500 na kuna Mark X, tofauti ya bei nitaimudu. Nichukue ipi?" Nilimwuliza anakwenda wapi kwa kawaida: ofisini siku sita kwa wiki, na Arua mara mbili kwa mwaka, yeye, mume wake na watoto watatu. Tukafanya hesabu kwa simu, tukapata 64. Alichukua Axio. Kabla ya safari ya kwanza tulijaza upepo wa matairi kwa kipimo cha gari lililobeba, kilichoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa penye fremu ya mlango wa dereva, tukaondoa fremu ya kubebea mizigo iliyokuwa juu ya paa, na magunia mawili ya mchele na sukari ya mama tukayapakia kwenye basi la usiku.